"incorrect header check": data ya PHP kugoma kufunguka kwenye Python

Mkuu, umesema data imetoka kwenye skripti ya PHP, base64 (njia ya kuandika baiti kama herufi za kawaida) umeifungua vizuri, ila zlib.decompress ya Python, inayofungua data iliyobanwa, inakutupia "incorrect header check". Usiifute bado, kuna uwezekano mkubwa ni nzima. Nimehamisha mifumo ya zamani ya PHP kwenda Python, na hili ndilo hunisumbua kuliko yote.

PHP ina funksheni tatu zinazobana kwa njia ile ile, DEFLATE. Zinatofautiana bahasha tu, yaani baiti za ziada mbele na nyuma ya data. gzdeflate inatoa data iliyobanwa bila bahasha. gzcompress inatia baiti 2 mbele na 4 za ukaguzi nyuma. gzencode inatoa gzip kamili, baiti 10 mbele na 8 nyuma. Python usipoielekeza inasubiri bahasha ya gzcompress, ikikuta nyingine inagoma.

Kwa hiyo kabla hujagusa kodi, tazama maandishi ya base64 yenyewe. Yakianza na H4sI hiyo ni gzip, maana baiti zake za mwanzo 1f 8b 08 lazima zitoe herufi hizo nne. Yakianza na eJ ni gzcompress ya kiwango cha kawaida. Aliyebana kwa kiwango cha 9 utaona eN. Usipoona dalili yoyote kati ya hizi, jaribu gzdeflate.

Kisha (d ni baiti ulizopata baada ya kufungua base64):

zlib.decompress(d, 31) kwa gzip
zlib.decompress(d, 15) kwa gzcompress
zlib.decompress(d, -15) kwa gzdeflate

Ipo pia namba 47 ya kuweka mahali pa hizo, inayotambua yenyewe gzip na gzcompress, lakini ile isiyo na bahasha haiiwezi.

Ukianza kuandika data upya, bana kwanza, base64 iwe ya mwisho. Base64 inageuza kila baiti 3 kuwa herufi 4, yaani inaongeza theluthi nzima, na ukiitanguliza unapata matokeo ya baiti ambazo safu ya maandishi kwenye hifadhidata haizipokei.

Zote tatu zikikataa, uliza kama data ilipitia kwenye URL. Huko alama ya + hugeuka nafasi tupu, na b64decode ya Python kwa kawaida huitupa nafasi hiyo kimyakimya, kila kinachofuata kikasogea. Rudisha kwa s = s.replace(" ", "+"), ambapo s ni maandishi ya base64, halafu fungua kwa base64.b64decode(s, validate=True) ili herufi ngeni ikikutwa ikuambie hapo hapo.

Tubandikie herufi kumi za mwanzo tuone.