Maswali ya wasomaji: Taka zinapovuka mpaka, idhini inatoka kwa nani?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: vitu vilivyotumika vinavyosafirishwa toka nchi moja hadi nyingine ili vitumike tena au viyeyushwe upya. Tumejibu zile zinazowagusa wengi.

*Ndugu wahariri, chama chetu cha Watanzania hapa Hamburg kimekusanya kompyuta mpakato 180 za kupeleka shule tatu za Tanga. Wakala wa meli anasema tangu 2025 mambo yamebadilika, anadai karatasi za kila kompyuta. Ni kweli, au anatafuta chochote? Nyingine ni mbovu kidogo, tulitegemea mafundi wa nyumbani wazitengeneze. (Katibu wa chama, Hamburg)*

Wakala wenu anasema kweli. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka hatarishi baina ya nchi, zilikubali pendekezo la Ghana na Uswisi: taka zote za umeme na elektroniki, ziwe hatarishi (kundi A1181) au zisizo hatarishi (kundi Y49), zisivuke mpaka hadi nchi inayopokea iridhie kwanza kwa maandishi. Kanuni hiyo ilianza kutumika 1 Januari 2025. Umoja wa Ulaya umekaza zaidi: kutoka Ujerumani, taka za elektroniki za aina yoyote ni marufuku kupelekwa nchi zisizo za OECD (umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri), na Tanzania ni mojawapo. Kwa hiyo msipoteze muda kuomba kibali cha hizo mbovu. Kompyuta inayofanya kazi ni mtumba, inasafiri. Isiyofanya kazi ni taka, inabaki huko huko.

Sheria ya Ulaya inamtaka mtumaji athibitishe tofauti hiyo kwa ankara au mkataba unaosema vifaa vinakwenda kutumika moja kwa moja (kwa msaada wa shule, hati ya msaada iseme hivyo bayana), ushahidi wa kipimo kwa kila kifaa, tamko kwamba ndani ya shehena hamna taka, na ufungaji unaokinga vifaa visivunjike njiani. Vikikosekana, maofisa wana haki ya kuuhesabu mzigo wote kuwa taka, na gharama zinamwangukia mwenye mzigo.

Kupima si kazi ya kubahatisha. Anzeni kwa macho: waya uliochubuka, bawaba iliyovunjika, betri iliyovimba. Dalili ya betri kuvimba ni kibao cha kugusa kisichobonyea vizuri, au kompyuta inayoyumba ikiwekwa mezani. Betri hiyo itolewe siku hiyo hiyo, iwekwe kwenye ndoo ya mchanga mkavu na kupelekwa kituo cha kukusanyia. Ndani ya kontena lenye joto inaweza kushika moto. Kisha iwasheni kwa umeme wa ukutani, mfumo ufunguke hadi mwisho, mjaribu kila kitufe, skrini, tundu za USB na feni. Halafu chomoeni waya, iendeshwe kwa betri. Sisi tunashauri isiyofika saa moja ibadilishiwe betri kabla ya safari. Futeni data za wenyewe wa zamani. Kwenye fomu andikeni aina, modeli, namba ya mfululizo, kilichopimwa, matokeo, tarehe na jina la aliyepima. Nakala moja ibaki kwenye kifaa au boksi lake, nyingine iende na nyaraka za meli.

Hizo mbovu kidogo zitengenezwe Hamburg. Mara nyingi ugonjwa ni RAM, diski au chaja, na mashine tatu za modeli moja zinaweza kutoa mbili nzima. Skrini za chogo msizipokee kabisa: kioo chake kina madini ya risasi, na shule ya Tanga haina pa kukipeleka ikifa. Skrini bapa za zamani, za kabla ya LED, zina vimirija vyenye zebaki, nazo ziacheni.

Kosa linalokwamisha mizigo ya namna hii hufanyika dakika ya mwisho: kontena lina nafasi, mwanachama mmoja analeta friji iliyokufa na redio mbili za kufufua. Friji hiyo moja inatosha kuzuia kompyuta zote 180.

*Nanunua betri chakavu za magari, Temeke. Kuna mnunuzi wa nje anataka kontena zima kila mwezi, bei nzuri, ila anasema nimwage asidi kwanza ili uzito upungue. Nifanyeje? (Mfanyabiashara, Dar es Salaam)*

Usimwage, ndugu yetu. Betri ya gari ya kilo 15 ina takriban kilo 9 za risasi, na maji yake ni asidi ya salfa iliyokwisha kuyeyusha chembe za risasi hiyo. Ukimwaga kwenye mtaro, asidi itapoa, risasi itabaki kwenye udongo ambao watoto wanauchezea. Asiyetaka asidi hana mtambo wa kuishughulikia, na huyo si mteja wa kumtegemea.

Betri hizi ziko kwenye orodha ya taka hatarishi za Basel, namba A1160. Tanzania ni mwanachama wa Basel, na pia wa Mkataba wa Bamako unaokataza kuingiza taka hatarishi Afrika kutoka nje ya bara hili. Kutoa nje inawezekana, lakini kwa idhini ya awali. Unaanza na mkataba kati yako na kiwanda chenyewe, si dalali, unaoeleza kiwanda kitafanya nini na betri (kurejeleza metali kama risasi ni njia R4 kwenye orodha ya Basel) na mabaki yataenda wapi. Unaongeza bima au dhamana ya kifedha ya kurudisha mzigo ikibidi. Unajaza fomu ya taarifa: kiasi, idadi ya safari, njia, msafirishaji, bandari zote. Mamlaka ya mazingira ya Tanzania ndiyo inayoituma kwa mamlaka ya nchi inayopokea na za nchi zinazopitiwa. Nchi ya kupitia ina siku 60 za kujibu. Kwa nchi inayopokea, kukaa kimya si kuridhia. Bila barua yake, kontena halitoki. Idhini ikitolewa kwa jumla inaweza kubeba safari nyingi ndani ya miezi isiyozidi 12, kwa hiyo omba ya mwaka mzima badala ya kuanza upya kila mwezi.

Wengi hukwama kwenye njia. Taarifa yako inasema meli itapitia Salalah, Oman, kampuni ya meli inahamishia mzigo Colombo kwa sababu ya ratiba. Sri Lanka haikuulizwa, na tayari uko nje ya idhini. Mwandikie wakala wa meli kwamba bandari ya kubadilishia mzigo haiguswi bila kukuarifu, na upate jibu lake kabla ya kulipa nauli.

Ufungaji: betri zisimame wima, vifuniko vikiwa vimekazwa, vichwa vyake vimefunikwa kwa utepe ili visigusane na kutoa cheche. Panga juu ya paleti ya mbao, tabaka zisizidi tatu, kadibodi nene katikati ya kila tabaka, kisha zungushia nailoni mara kadhaa. Iliyopasuka iingie kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko. Weka alama ya vitu vinavyobabua, daraja la 8, na namba UN 2794. Stoo iwe na sakafu ya zege isiyo na nyufa na gunia la magadi soda karibu. Asidi ikimwagika, nyunyizia hadi povu liishe, kisha zoa tope lote kwenye ndoo ya kufunga, kwa kuwa bado lina risasi.

Wafanyakazi wabadili nguo na kuoga kabla ya kwenda nyumbani, maana vumbi hufuata nguo hadi kitandani kwa mtoto. WHO inashauri mtu akikutwa na mikrogramu 5 za risasi au zaidi kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walilijua hili kwa machungu baada ya tanuru la betri kuendeshwa kando ya nyumba zao. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

*Chenga zetu za chupa za maji zilikataliwa na mnunuzi wa ng'ambo. Anasema ni "Y48" na zina PVC. Tunaosha vizuri. Kosa liko wapi? (Kikundi cha wasagaji, Mombasa)*

Tangu 1 Januari 2021 plastiki chakavu zimegawanywa. Safi, zisizo hatarishi, za aina moja, zinazokwenda kurejelezwa, ni B3011 na hazihitaji idhini ya awali. Mchanganyiko wa PE na PP (plastiki za vizibo) na PET (ya chupa yenyewe) unakubalika humo iwapo kila aina itatengwa na kurejelezwa, na uchafu uwe karibu hakuna. Zilizobaki zisizo hatarishi, PVC (plastiki yenye klorini) ikiwemo, ni Y48, na zinahitaji idhini kama betri.

Kuosha peke yake hakutoi PVC. Vizibo vya PP na PE huelea majini, PET huzama. PVC nayo huzama, kwa kuwa uzito wake kwa ujazo unakaribiana na wa PET. Inaingia kupitia lebo za nailoni zilizobana chupa nzima, hivyo zichanwe kwa mkono kabla ya kusaga. Baada ya kusaga imechelewa. Kiwandani, PET inapoyeyushwa kwenye nyuzi 260 hadi 280, PVC huungua, hutoa gesi ya asidi na kuidhoofisha PET yote.

Jipimeni wenyewe. Chukueni kilo 1 ya chenga kutoka magunia mbalimbali, zikaushwe, zitandazwe kwenye trei na kuwekwa kwenye oveni ya nyuzi 220 kwa nusu saa, dirisha likiwa wazi na watu wakae mbali na moshi. PET hubaki nyeupe au hufifia kidogo, gundi hugeuka njano, PVC huwa kahawia hadi nyeusi. Okoteni nyeusi zote mzipime: gramu 0.1 ni sehemu 100 kwa milioni, na hapo wanunuzi wengi hukataa. Gundi nayo hutoka kwa maji ya nyuzi 80 hadi 90 yenye kostiki soda asilimia 1 hadi 2, kwa dakika 10 hadi 15, kisha suuza mara mbili.

Na kama mnapokea plastiki kutoka Ulaya, fahamuni kwamba kuanzia 21 Novemba 2026 Umoja wa Ulaya unasitisha kupeleka taka za plastiki nchi zisizo za OECD.

*Ndugu yangu Marekani anataka kunitumia simu mbovu za kutoa vipuri. Inaruhusiwa? (Fundi simu, Arusha)*

Hapana. Marekani ilitia saini Basel mwaka 1990 lakini haijairidhia, na nchi mwanachama hairuhusiwi kupokea taka hizi kutoka kwa asiye mwanachama pasipo makubaliano maalumu. Aagize vipuri vilivyotolewa na kupimwa huko.

*Kila mwaka kuna umoja mpya wa uchumi mzunguko. Sisi wa chini tunafaidika nini? (Mwanafunzi, Kigali)*

Ipo GACERE, muungano wa dunia wa uchumi mzunguko, ulioanzishwa Februari 2021 na Umoja wa Ulaya pamoja na UNEP na UNIDO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na ya viwanda), ambayo Rwanda na Kenya zimo; na upo muungano wa Afrika ambao Rwanda, Nigeria na Afrika Kusini waliuasisi. Haviwezi kumlazimisha mtu kitu. Sisi tunavipima kwa jambo moja: je, ofisa wa bandari amepata kipimo anachoweza kukitumia? Pendekezo la Ghana na Uswisi lilimpa. Maazimio mengi hayampi. Na haja ni kubwa: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu.

*Mteja wangu ameletewa kontena "vifaa vya nyumbani vilivyotumika". Tumefungua, robo ni runinga zilizovunjika. Nani analipa? (Wakala wa forodha, Dar es Salaam)*

Simamisheni kushusha sasa hivi, kwa sababu mzigo ukishaingia stoo ni vigumu kuthibitisha ulifika hivyo. Pigeni picha za lakiri, namba ya kontena na kila safu kabla ya kugusa kitu, kisha mtoe taarifa ya maandishi kwa forodha na NEMC, baraza la taifa la mazingira, siku hiyo hiyo. Kosa likiwa la mtumaji, Basel inaitaka nchi ilikotoka kuhakikisha mzigo unarudishwa ndani ya siku 30 tangu ilipoarifiwa, kwa gharama ya mtumaji au ya nchi yenyewe. Kosa likiwa la mpokeaji, ndani ya muda huo huo Tanzania itamtaka yeye azishughulikie taka hizo kwa njia salama. Kwa hiyo mteja wako atafute mapema ujumbe na ankara zinazoonyesha aliagiza vifaa vizima. Kama kwenye mazungumzo yao aliandika "tuma hata mbovu", gharama ni yake.