Nilipoacha kuandika mpira

Taarifa yangu ya kwanza nikiwa afisa wa mawasiliano wa shirika ilirudishwa kabla sijamaliza chai. Tulikuwa tumezindua kisima katika kijiji kimoja huko Nyakach. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili, nusu ya watu wakaondoka kwenda kufunga ng'ombe, na mfereji ulipofunguliwa ulianza kwa kutoa hewa tupu. Nami niliandika vivyo hivyo, kama ninavyoandika mechi: nani kaanza vibaya, nani kapoteza nafasi ya wazi. Bosi wangu, mama mtulivu sana, aliniuliza swali moja: "Kwani wewe uko upande gani?"

Kwa miaka tisa niliyoripoti michezo Kisumu, jibu lilikuwa rahisi: sina upande. Hata siku ya Mashemeji, mechi ya watani Gor Mahia na AFC Leopards, ingawa nyumbani kila mtu alijua ukweli.

Nilihama kwa sababu ya tumbo, si kwa sababu ya ndoto. Machi 2020 korona ilisimamisha ligi, na mwisho wa Aprili shirikisho la soka likafunga msimu na kuwapa Gor ubingwa. Sisi tuliolipwa kwa kila habari iliyochapishwa tukabaki bila habari. Nikavumilia. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na marufuku hiyo ikakaa hadi Novemba. Hapo ndipo nilipoanza kutuma maombi. Ningekuwa na akili ningeanza mapema, wakati jina langu bado lilikuwa gazetini kila Jumatatu. Wewe mwandishi unayefikiria kuhama, usingoje simu inyamaze.

CV yangu ilisema "kuripoti mechi za ligi kuu". Kwa jopo la usaili, hiyo ilisikika kama mtu aliyelipwa kutazama mpira. Rafiki mmoja alinikalisha chini nikaandika kazi yenyewe ilivyo: maneno 600 kumfikia mhariri dakika kumi baada ya kipenga, kwa Kiswahili au Kiingereza, nikiwa kwenye uwanja usio na stima, kumhoji kocha aliyetoka kufungwa nyumbani, akazungumza. Kusanya kazi zako pia. Mimi nilikuta viungo vingi vya habari zangu za zamani havifunguki, nikalazimika kupekua magazeti ya shangazi yaliyokuwa yamefunika meza.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote sikukitegemea. Kila mwandishi wa mpira anajua dakika ya 70: matokeo hayajulikani, ila mhariri anasubiri, basi unaandaa aya mbili za mwanzo, moja ya ushindi na moja ya kipigo. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa tukisubiri majibu ya maabara ya maji ya kisima kingine. Wenzangu waliandaa taarifa ya furaha peke yake. Mimi niliandika mbili. Majibu yalipokuja mabaya, wanakijiji walikuwa na ujumbe wa kuchemsha maji ndani ya saa moja, kabla uvumi haujafika sokoni. Tangu siku hiyo hakuna aliyenicheka kwa kutoka kwenye mpira.

Na ile hewa ya mfereji? Haikuingia kwenye taarifa ya magazeti. Iliingia kwenye ripoti ya ndani, kwa maneno yangu yale yale makali, na fundi akarudishwa wiki hiyo hiyo. Jicho la kuona kosa bado ni lako, na ndilo wanalokulipia. Kilichobadilika ni nani anasoma kwanza.

Sasa jambo ambalo hatupendi kulisema: nauli, ile pesa waandaaji wa vikao huwapa wanahabari. Nilipokuwa mwanahabari niliipokea baada ya vikao, nikatia mfukoni. Leo mimi ndiye nimeshika karatasi ya kutia sahihi. Korespondenti aliyepanda matatu kutoka Bondo, na atalipwa tu habari ikitoka, si mwizi, nilikuwa yeye. Lakini bahasha isiyo na hesabu inanunua kitu, hata kama hakuna anayesema. Kwa hiyo tunatangaza mapema: tunarudisha nauli halisi, sawa kwa wote wanaotoka eneo moja, habari itoke isitoke, hata ikitusema vibaya. Wanahabari wawili waliacha kuja. Mmoja aliniambia nimekuwa mdosi. Iliniuma, na bado sina hakika nimeipatia.

Kuhusu mkataba, uliza kwenye usaili fedha za nafasi hiyo zinaisha lini. Kazi nyingi za mashirika hufa na mradi. Za kaunti zina uchaguzi ndani yake. Vyuo kama Maseno na Masinde Muliro, pamoja na kampuni za maji, huhitaji waandishi pia, ila subira ni ndefu.

Jina lako litapotea. Sentensi niliyoihangaikia asubuhi nzima niliikuta gazetini kesho yake ikitoka kinywani mwa mkurugenzi. Nilikata kipande hicho nikakiweka, sijui kwa nini.

Siku hizi uwanja wa Mamboleo naingia kwa tiketi yangu. Juzi, dakika ya 70, nikashtukia nimetoa simu na vidole vinaandika. Jaduong', mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu, akauliza naandikia gazeti gani. Nikasema hakuna. Akaniambia basi niiname, namzuia kuona.