Kwa Unayeanza Luti: Usiilazimishe Sauti Iwe Kubwa

Niliijia luti, ala ya nyuzi ya Ulaya ya zamani, nikiwa nimeshapiga udi miaka minane, nikadhani nusu ya safari nimeimaliza. Jina lenyewe lilinitia moyo, kwa kuwa luti ni al-'ud ya Waarabu iliyoingia Ulaya kupitia Hispania na Sisilia, ikabaki huko na kufungwa freti shingoni, yaani vigawanyio vinavyoonyesha mahali pa kubonyeza uzi. Siku ya kwanza mwalimu alinisikiliza dakika tano akaniambia nipunguze nguvu. Wiki iliyofuata akarudia. Mwezi wa tatu bado alikuwa na neno lile lile, na mimi bado nilidhani anazungumzia adabu ya muziki wa kale. Kumbe alikuwa anazungumzia mbao na nyuzi.

Luti ya karne ya 16 ni nyepesi mno. Ubao wake wa mbele una unene wa milimita moja na nusu hivi. Kila uzi hukazwa kwa mvuto wa kilo tatu hivi, na uzi wa gitaa la klasiki hubeba karibu mara mbili ya hapo. Ukichapa kwa nguvu sauti haikui. Uzi unagonga freti, na kwa kuwa nyuzi nyingi za luti hukaa mbili mbili kwa jozi, zile mbili za jozi moja zinagombana. Kwa hiyo jambo la kwanza, kata kucha za mkono wa kulia. Najua mpiga gitaa itamuuma, kwani kucha zile amezilea kwa miaka. Lakini ukucha hushika uzi mmoja kisha wa pili, na sauti inapasuka. Nyama ya kidole huzigusa zote mbili kwa pamoja.

Mwendo wa mkono huo una historia yake, na kwetu tuliotoka kwenye udi ni zawadi. Hadi mwishoni mwa karne ya 15 luti ilipigwa kwa unyoya, kama risha yetu ya kupigia udi. Wapigaji walipotaka kutoa sauti mbili tatu kwa wakati mmoja waliuweka unyoya kando, ila mkono ukabaki na kawaida yake ya kushuka na kupanda. Gumba linashuka kwenye pigo zito, kidole cha shahada kinapanda kwenye pigo jepesi, na gumba hupita ndani ya kiganja, chini ya vidole vingine. Ukiona nukta ndogo chini ya herufi kwenye tabulatura, yaani maandishi ya muziki yanayoonyesha uzi na freti badala ya noti, ni shahada inayoitwa. Kuelekea mwaka 1600, nyuzi za besi zilipoongezeka, wengi walilitoa gumba nje. Hilo liache kwanza.

Tabulatura yenyewe utaisoma ndani ya wiki. Ya Kiitalia, kama aliyoichapa mchapishaji Petrucci kule Venice mwaka 1507 kwa muziki wa mpiga luti Spinacino, hutumia namba, na mstari wa juu ni uzi mzito. Ya Kifaransa, ambayo Waingereza waliifuata, hutumia herufi, na mstari wa juu ni uzi mwembamba. Wepesi huo ndio mtego. Tabulatura inakuonyesha uzi upi, freti ipi na wakati gani sauti ianze. Haikuambii itaishia wapi.

Hapa ndipo nilipopotea muda mrefu zaidi. Niliwahi kupiga Lachrimae, kipande cha mpiga luti Mwingereza John Dowland, mbele ya watu, noti zote zikiwa mahali pake. Baadaye mzee mmoja, mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa, akaniuliza kwa upole besi alikuwa anakwenda wapi kila baada ya hatua mbili. Nilikuwa nainua vidole vya kushoto mara tu nikishapiga, na sauti ya chini inakufa kabla ya kumaliza sentensi yake. Muziki huu umekulia kwenye uimbaji. Fantasia, yaani vipande huru vya ala, za Mwitalia Francesco da Milano ni sauti kadhaa zinazojibizana, na kila moja inahitaji pumzi yake. Kwa hiyo shikilia kidole mpaka utakapokihitaji kwingine. Kila asubuhi chukua mistari miwili tu, imba sauti ya chini huku ukipiga ya juu, halafu geuza. Ni kazi ya polepole na inachosha. Sijaona njia nyingine.

Utasikia watu wakimbeza Julian Bream, mpiga gitaa na luti Mwingereza, kwa kuwa alipiga kwa kucha, tena kwenye luti nzito yenye freti za chuma. Usijiunge nao. Miaka ya 1950 na 1960 alizifikia kumbi kubwa na kufungua masikio ya maelfu. Kisha msikilize mpiga luti Jakob Lindberg kwenye luti iliyotengenezwa na Sixtus Rauwolf wa Augsburg, ya mwaka 1590 hivi, ambayo bado ina ubao wake wa awali. Sauti yake humlazimisha msikilizaji asogee karibu. Nawe ukialikwa kupiga, omba chumba cha watu hamsini, viti viwe karibu.

Kama huna luti bado, usikimbilie kununua. Lute Society ya Uingereza na ile ya Marekani hukodisha kwa wanachama. Kabla ya hapo, chukua gitaa, shusha uzi wa tatu nusu sauti, funga kapo, kile kibanio cha shingoni, kwenye freti ya tatu, na jioni hiyo hiyo utasoma tabulatura ya luti ya sol, ile ambayo uzi wake wa kwanza ni sol. Ukifika wakati wa kununua, chagua yenye jozi sita au saba. Za jozi kumi zitakuja baadaye. Agiza pia nyuzi mbili za akiba za uzi wa kwanza, ule mwembamba unaokaa peke yake. Mimi wa kwanza ulinikatikia Jumamosi usiku, na mpya ulinifikia kwa posta Alhamisi.