Picha ya pamoja na waheshimiwa, na simu umepigiwa jana yake jioni

SWALI: Shikamoo kaka. Nina studio ndogo hapa Majengo Dodoma, riziki yangu ni paspoti saizi, send-off na kipaimara. Mwezi uliopita saa kumi jioni nikapigiwa simu, dada wa ofisi moja ananiambia mpiga picha wao kapata msiba kwaiyo kesho niende mimi, kuna ufunguzi wa mkutano alafu wakitoka nje ni picha ya pamoja, watu 28, waziri yupo, RC yupo, ma-DC, wabunge, masheikh na maaskofu. Niliahidiwa dakika tano, hata tatu hazikufika. Picha imetoka macho ya watu yana vivuli vyeusi, waliokaa pembeni wamenenepa, mheshimiwa mmoja kafumba macho na wengine wanaangalia simu za watu badala ya kamera yangu. Hawakunilaumu, tena wamesema Bunge la bajeti likianza wataniita tena. Nina kamera moja, lenzi ya 18-55 na ya 50, flashi moja. Safari hii nifanyeje?
Msomaji, Majengo, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa usiku ule maana najua hukulala. Niseme kwanza jambo ambalo limenichukua miaka kulielewa: picha ya waheshimiwa inapigwa kabla waheshimiwa hawajatoka ukumbini. Wakishatoka wewe unabonyeza tu. Kama wakati wanatoka bado unatafuta wakae wapi, dakika zako tatu zimeshaisha na hakuna lenzi duniani itakayokuokoa.

Kwaiyo simu ikiingia saa kumi, usianze kusafisha kamera, omba vitu viwili kwa huyo dada hapo hapo kwenye simu. Cha kwanza jina na namba ya afisa itifaki, yule anayepanga waheshimiwa wakae wapi. Cha pili ni kuingia eneo la tukio mapema, tuseme masaa mawili kabla ya tukio, na jina lako liwe kwenye orodha ya getini, maana akija kiongozi mkubwa walinzi wakishafunga wamefunga na begi lako la kamera litakaguliwa hadi mfuko wa betri. Nimeona mtu mwenye kamera mbili nzuri kabisa amebaki nje ya geti anasikiliza wimbo wa taifa.

Sasa vivuli machoni. Hilo ni jua la Dodoma na ukilijua halikusumbui tena. Sisi tuko kama digrii 6 kusini mwa ikweta, yani mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita utosini kabisa, hapo kila paji la uso ni paa na macho yako gizani. Lakini Bunge la bajeti linakwenda kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, na miezi hiyo jua la mchana liko upande wa kaskazini, kwaiyo kivuli cha jengo kinaangukia kusini. Ukifika tafuta ukuta wa kusini. Jengo la urefu wa mita 6 mwezi wa Juni, saa sita na nusu mchana, linakupa kivuli cha kama mita 3 na nusu, mistari mitatu ya watu inaenea bila shida, ila Aprili mwanzoni kivuli hicho hicho hakizidi mita moja na nusu na hapo ni bora uombe veranda pana au mti mkubwa wenye kivuli kizito, maana kivuli cha majani machache kinamwaga madoa meupe kwenye nyuso na hayo madoa hayafutiki. Wewe mwenyewe utakuwa umesimama juani unatazama kaskazini, kwaiyo mwambie kijana akushikie hata kipande cha boksi juu ya lenzi mwanga usiingie. Na upepo wetu unaujua, kuanzia Juni vumbi linapanda, ushungi unaruka na joho la askofu linafunika uso wa jirani, ukuta nao unakusaidia hapo.

Waliokaa pembeni kunenepa ni kwa sababu ulisogea karibu ukafungua lenzi mpaka 18, pale inapoona upana zaidi, sivyo? Kila mtu anafanya hivyo akibanwa na nafasi. Rudi nyuma. Watu kumi kwenye mstari mmoja wakibanana bega kwa bega ni kama mita 5 na nusu, ukiacha nafasi pembeni fanya 6 na nusu, kwa kamera kama zako hizi za kawaida ukiweka 35 kwenye ile ya 18-55 simama mita 10 hivi na ukitumia ile ya 50 simama mita 14. Pima kwa hatua zako asubuhi kisha weka jiwe pale utakaposimama. Mimi naweka stuli kabisa, nikipanda nyuso za nyuma zinafunguka.

Viti weka 9. Usiweke 8 wala 10, idadi ikiwa shufwa hakuna kiti cha katikati na mgeni rasmi atakuja asimame akiangalia huku na huku. Nyuma yao wasimame 10, na 9 wa mwisho wapande kwenye ngazi za mlango au benchi imara, lakini wazee usiwapandishe benchi hata kama itifaki imewaweka nyuma, waombee nafasi mstari wa pili. Nani akae wapi kulia na kushoto kwa mgeni rasmi hiyo si kazi yako, naomba unielewe vizuri hapa, usipange cheo cha mtu hata kimoja. Mpe afisa itifaki karatasi za A4 na kalamu nene, aandike vyeo, abandike kwenye viti mwenyewe, na karatasi zitolewe wakati wanakaribia. Ukitaka kuona picha ya namna hii imetulia, itafute ile ya tarehe 20 Mei 1910 huko Windsor, Uingereza, wafalme tisa waliokusanyika kumzika Edward VII, watatu wamekaa, sita wamesimama, mwenyeji wao George V katikati, wamebanana kama ndugu wa nyumba moja. Wafalme tisa walibanana, hata wakurugenzi wa halmashauri watabanana ukiwaomba kwa heshima.

Viti vikishakaa tafuta madereva na wahudumu wa chai waje wakae dakika mbili upige majaribio. Usilione aibu hili, wanafurahi na uwatumie picha yao. Kwenye kivuli cha wazi anza na f/8 (tundu la lenzi), shata 1/200 ya sekunde, ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga). Kwa umbali huo f/8 inabeba mistari yote mitatu, fokasi weka kwenye macho ya waliokaa. Flashi yako kwa mita 10 usiitegemee kumulika kundi zima, iache nguvu ndogo iweke tu nukta ya mwanga machoni. Kitu cha kuangalia kwenye skrini ni nyuso na kanzu nyeupe kwa pamoja, kanzu ikiungua ikawa nyeupe tupu picha imeharibika na uso wa mtu mweusi ukizama pia imeharibika, kwaiyo piga RAW, yani faili ghafi unayoweza kuirekebisha baadaye, na uupe uso kipaumbele. Alafu nakuomba sana, ukiediti usimng'arishe mtu ngozi. Mtu atoke na rangi yake.

Kuhusu kufumba macho kuna hesabu nzuri. Mwaka 2006 Nic Svenson na Piers Barnes wa Australia walipewa tuzo ya Ig Nobel ya hisabati, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha, kwa kukokotoa upige picha ngapi ili upate moja ambayo hakuna aliyefumba. Kundi likiwa chini ya watu 20, gawanya idadi ya watu kwa tatu kama mwanga ni mzuri, kwa mbili kama ni mbaya. Wewe una 28, umevuka hapo, piga zisizopungua 15, tatu tatu kwa mfululizo, unapumzika sekunde moja, tena tatu. Zinaingia ndani ya nusu dakika.

Zile simu sasa. Hili linaniumiza kuliko yote kwa sababu linaharibu picha nyingi nzuri. Wasaidizi, ndugu, kamera za televisheni, kila mmoja anaita "mheshimiwa huku". Dawa ni MC atangaze kabla watu hawajatoka: picha ya kwanza ni ya mpiga picha rasmi, wengine wote watapewa dakika yao baada ya hapo. Kisha wewe panda stuli, toa sauti, usinong'one. "Waheshimiwa, naomba macho yote kwangu, sekunde thelathini tu." Viongozi hawakasiriki wakiongozwa vizuri, wanakasirika wakisimamishwa juani na mtu asiyejua anachotaka. Tai ikipinda usiguse, mwambie msaidizi wake. Na usikimbie kimbie karibu na mgeni rasmi, walinzi hawapendi.

Alafu kuna sentensi moja naisema kila mara: "Kama huoni kamera yangu, kamera nayo haikuoni, sogea kidogo." Nakueleza ilikotoka. Miaka kadhaa nyuma nilipiga picha ya uzinduzi wa mradi wa maji kwenye kijiji kimoja huku kwetu, nilipewa taarifa usiku kama wewe, na akili yangu yote ilikuwa kwa mgeni rasmi. Mzee mmoja wa Kigogo ambaye ndiye aliyetoa eneo la kuchimba kisima alisimama mstari wa nyuma, mbele yake kuna mtu amevaa kofia pana. Wiki mbili baadaye mjukuu wake akaja studio kuomba nakala. Nikamfungulia, akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akamkuta babu yake ni ncha ya fimbo na kipande cha sikio. Hakusema neno. Akaniuliza kama kuna nyingine, na zilikuwa nne tu, zote kofia ile ile. Waziri ana picha elfu moja mdogo wangu, yule mzee angekuwa na hiyo moja. Tangu siku hiyo naanza kukagua mstari wa nyuma, uso kwa uso, nawahesabu kwa kidole mpaka idadi itimie, ndipo namtazama wa katikati.

Wakitawanyika usiondoke. Muombe afisa itifaki orodha, iandike kwa mstari: waliokaa kutoka kushoto, waliosimama kutoka kushoto. Ofisi wataandika "akiwa katika picha ya pamoja na" na jina likikosewa lawama inarudi kwako. Watumie picha moja safi ndani ya saa moja, zingine jioni.

SWALI: Kaka mimi niko Manyoni, kama picha ni ndani ya ukumbi wenye taa za njano na hakuna pa kutokea?
JIBU: Waombe wafungue mapazia yote, kundi litazame madirisha, zima zile taa za njano kama madirisha yanatosha. Kama hayatoshi elekeza flashi darini ikiwa dari ni nyeupe na fupi, shata shusha mpaka 1/100, ISO panda 1600 bila hofu. Chembechembe kidogo zinavumilika, picha iliyotikisika hapana.

SWALI: Ofisi ya serikali inalipaje? Nilifanya kazi moja Kondoa mpaka leo nadai.
JIBU: Pole ndugu. Kabla ya kutoka nyumbani bei iwe imeandikwa, hata kwa WhatsApp, na mtu wa manunuzi awe anajua, yule aliyekupigia peke yake hatoshi. Jisajili NeST, mfumo wa manunuzi ya umma ulioanza kutumika 2023, usisubiri mpaka upigiwe simu saa kumi jioni. Na kwa hilo deni la Kondoa, chapisha ile picha yenyewe, weka na barua fupi yenye tarehe, jina la shughuli na kiasi, peleka masijala wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako.