Modeli Isomwe Pamoja na Yaliyoachwa Nje Yake

Katika kufundisha fizikia na kusimamia miradi ya wanafunzi, nimekutana mara nyingi na mitazamo miwili kuhusu modeli za kisayansi, yaani picha zilizorahisishwa za kitu halisi, mara nyingi kwa milinganyo, na yote miwili humpotosha mtafiti. Wapo wanaoichukulia modeli kana kwamba ndiyo kitu chenyewe, hata vipimo vinapokataa kulingana nayo wao huvishuku vipimo. Wapo pia ambao, mara tu wanapoambiwa kwamba modeli fulani imerahisisha mambo, huihesabu kuwa uongo na kuitupa. Ushauri ninaoutoa hapa umetokana na kufanya kazi na watu wa pande zote mbili, nao unahusu jambo moja: nguvu na udhaifu wa modeli yoyote hutokana na yale ambayo aliyeiunda aliamua kuyaacha nje, kwa hiyo asiyeyajua hawezi kujua aitegemee kwa kiasi gani.

Tuangalie pendulamu, yaani gololi inayobembea ikining'inia kwenye uzi, ambayo karibu kila mwanafunzi wa fizikia huipima. Fomula tunayoifundisha husema kwamba muda wa mbembeo mmoja hutegemea urefu wa uzi na nguvu ya mvutano wa Dunia, basi. Ili kuipata tumeuondoa uzito wa uzi, tumeuondoa ukinzani wa hewa, tumeifanya gololi kuwa nukta, na tumechukulia kwamba pembe ya kubembea ni ndogo. Kwa pembe ya nyuzi 10 kutoka wima, kosa linaloletwa na sharti hilo la mwisho halifiki asilimia 0.2, na anayepima mbembeo mmoja kwa mkono hawezi kuling'amua. Kwa nyuzi 60 kosa hilo huzidi asilimia 7. Ndiyo maana huwa nawashauri wanafunzi waache kuuliza kama fomula ni ya kweli au si ya kweli, na badala yake waulize inatoa jibu zuri kiasi gani, na ni kuanzia wapi jibu hilo huanza kuharibika.

Mfano ninaoutumia kuliko mingine yote ni ule wa umri wa Dunia. Mwaka 1862 William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alichapisha makadirio ya umri huo yaliyotokana na mtiririko wa joto. Ilifahamika tangu zamani katika migodi kwamba kadiri mtu anavyoshuka chini ndivyo joto linavyoongezeka, maana yake ni kwamba joto linatoka ndani kwenda nje na Dunia inapoa. Ukichukulia kwamba ilianza ikiwa na moto uliolingana kila mahali, na kwamba tangu hapo imepoa kama tufe gumu ambalo joto hupenya ndani yake bila mata yenyewe kusogea, basi kiwango cha ongezeko la joto karibu na uso kinatosha kukuambia imekuwa ikipoa kwa muda gani. Hesabu ilimpa takriban miaka milioni 100, na kwa kuwa vipimo vya wakati huo havikuwa na uhakika, aliacha nafasi pana, kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Kufikia mwaka 1897 alikuwa ameibana nafasi hiyo hadi kati ya milioni 20 na milioni 40. Leo tunajua kwamba umri wa Dunia ni takriban miaka bilioni 4.5.

Kelvin hakukosea hesabu. Mwaka 1895 John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alionyesha mahali penye tatizo: ikiwa mata iliyo ndani ya Dunia inasogea, hata kwa taratibu sana, na kubeba joto kutoka kina kirefu, basi ongezeko la joto tunalolipima karibu na uso linaweza kudumu kwa muda mrefu mno, na umri wa Dunia unaweza kufikia mabilioni ya miaka. Husimuliwa sana kwamba makadirio ya Kelvin yaliangushwa na ugunduzi wa unururifu (baadhi ya atomi kuvunjika zenyewe na kutoa mionzi) mwaka 1896, kwa kuwa elementi zenye unururifu hutoa joto. Joto hilo lipo kweli, lakini kuliingiza katika modeli yake na kuliacha tufe likiwa gumu kusingeuongeza umri ule kiasi cha kutosha. Perry ndiye aliyeigusa dhana ambayo matokeo yote yaliitegemea.

Ninaukazia mfano huu kwa sababu ya ile nafasi pana aliyoiacha Kelvin. Msomaji anapoona jibu limewekewa kiwango cha chini na cha juu, huamini kwamba mwandishi amekwisha kuhesabu kila alichokuwa na shaka nacho, ilhali nafasi ile ilihusu shaka ya vipimo peke yake. Iliulizwa: ikiwa Dunia ni tufe gumu linalopoa, tunakosea kwa kiasi gani? Haikuulizwa: je, ikiwa si tufe gumu? Ukingo wa makosa unaokokotolewa ndani ya modeli hauwezi kukuonya kuhusu dhana ambayo modeli yenyewe imejengwa juu yake, na hili ni kweli kwa makadirio yanayotolewa na kompyuta za leo kama lilivyokuwa kwa hesabu za kalamu.

Kwa hiyo, katika miradi ninayoisimamia, ukurasa wa kwanza hauna milinganyo. Mwanafunzi huorodhesha yale aliyoyaacha nje, na mbele ya kila moja huandika jibu lingebadilika kiasi gani kama angelirudisha. Makadirio ya haraka yanatosha. Zoezi hili huonyesha upesi kwamba dhana hazina uzito sawa: kuna ambayo ukiibadilisha jibu husogea kwa sehemu ndogo ya asilimia, na kuna ambayo ukiibadilisha jibu huzidishwa mara 100. Hiyo ya pili ndiyo inayostahili muda wako.

Haya yasieleweke kama hoja ya kuzidharau modeli sahili. Ronald Ross, aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, baadaye aliunda modeli ya hisabati ya maambukizi, nayo ikampa jibu ambalo macho peke yake yasingeliona: si lazima kuua kila mbu ili malaria itoweke, bali inatosha kuwapunguza hadi chini ya kizingiti fulani. Katika miaka ya 1950 George Macdonald aliiendeleza kazi hiyo kwa kuutazama urefu wa maisha ya mbu. Vimelea huhitaji takriban siku 10 au zaidi ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu, kwa hiyo mbu wa hatari ni yule aliyeishi muda wote huo. Fanya hesabu mwenyewe. Ikiwa kila siku hubaki hai mbu 9 kati ya 10, baada ya siku 10 watakuwa wamebaki takriban 35 kati ya 100. Ikiwa kila siku hubaki 8 kati ya 10, watakuwa wamebaki takriban 11. Ukiwapunguza mbu kwa nusu, umepunguza wenye uwezo wa kuambukiza kwa nusu. Ukiyafupisha maisha yao kwa kiasi hicho kidogo, umewapunguza kwa zaidi ya theluthi mbili.

Hapo ndipo ilipo thamani ya kuacha mambo nje. Modeli hii ilinyamaza kuhusu mengi, na katika ukimya huo ikatuonyesha kitu kimoja kinachotawala vingine, ikaeleza kwa nini kupulizia dawa kwenye kuta za ndani, ambako mbu hupumzika baada ya kuuma, huleta matokeo makubwa namna ile. Hata hivyo, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuitokomeza malaria ulimwenguni, ulioanza mwaka 1955, uliachwa mwaka 1969, na miongoni mwa yaliyoukwamisha ni mbu kuwa sugu kwa DDT, dawa iliyopuliziwa kwenye kuta hizo. Katika milinganyo ile, mbu anayekufa kwa dawa leo atakufa kwa dawa hiyo hiyo miaka yote ijayo. Sioni kwamba Macdonald alistahili lawama kwa hilo. Waliopaswa kuuliza ni waliochukua jibu la modeli na kulifanya mpango wa miaka mingi.

Swali gumu zaidi ambalo wanafunzi huniletea ni la kufanya nini pale vipimo na modeli vinapotofautiana. Hakuna kanuni moja. Uranusi ilipoonekana kutofuata njia iliyotabiriwa na nadharia ya mvutano ya Newton, mwanaastronomia Urbain Le Verrier alichukulia kwamba nadharia ni sahihi na kwamba ipo sayari isiyojulikana inayoivuta. Mwaka 1846 Johann Galle, akiwa Berlin, alielekeza darubini mahali palipokokotolewa, akaiona Neptuni ikiwa umbali usiofika nyuzi 1 kutoka hapo. Baadaye Le Verrier huyo huyo aliona kwamba njia ya Utaridi nayo ina tofauti, ambayo leo huhesabiwa kuwa sekunde 43 za pembe kwa karne (sekunde 3,600 za pembe ni nyuzi 1), akafikiri kwa namna ile ile: lazima iwepo sayari nyingine karibu na Jua. Ilipewa jina la Vulcan, ikatafutwa kwa miongo kadhaa, wala haikuwepo. Mwaka 1915 Albert Einstein alieleza tofauti hiyo kwa nadharia yake ya uhusianifu, na safari hii kilichopungua kilikuwa nadharia ya Newton yenyewe.

Ninachoshauri ni kwamba ukiongeza kitu kipya ili kuiokoa modeli, kiwe kitu kinachoweza kutafutwa na kukosekana. Neptuni na Vulcan zote mbili zilitimiza sharti hilo, na ndiyo maana tuliweza kuzitofautisha. Kigezo kinachorekebishwa kimya kimya hadi mstari uguse kila nukta hakilitimizi. Ukiwa na nukta 10 za vipimo, polinomia ya daraja la 9, yaani mlinganyo wenye vipeo vya x hadi cha 9, inaweza kupita katika zote bila kukuambia lolote kuhusu nukta ya 11. Tenga sehemu ya data kabla hujaanza, usiiguse wakati wa kuunda modeli, na uirudie mwishoni kama hakimu. Wanaoruka hatua hii ni wengi kuliko inavyodhaniwa, wakiwemo watafiti wazoefu.

Ukiwa na modeli mbili zinazopingana, usilazimike kuifukuza moja. Modeli ya atomi ya Niels Bohr ya mwaka 1913 ilitoa kwa usahihi mkubwa mistari ya mwanga wa hidrojeni, ikashindwa mara ilipofika kwenye heli yenye elektroni mbili tu. Bado ninaifundisha, kwa sababu inaeleza vizuri kwa nini nishati ya elektroni hupanda na kushuka kwa ngazi, na ninapoifundisha husema wazi kwamba elektroni hazizunguki kiini kama sayari, jinsi modeli hiyo inavyozichora.

Mwisho, unapoandika matokeo kwa ajili ya mtu atakayeyafanyia uamuzi, weka sharti katika sentensi ile ile yenye tarakimu. Nambari hunukuliwa na kusafiri peke yake. Maelezo yaliyowekwa kwenye kiambatisho hubaki huko. Andika kwamba maambukizi yanakadiriwa kupungua kwa kiasi fulani endapo mbu hawatakuwa sugu kwa dawa, kisha taja ni kipimo gani kifuatiliwe ili ijulikane kama sharti hilo limevunjika, na nani atakayekifuatilia.