Mashine ya kuchomelea ya mtumba: unachonunua ni koili

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga, najenga kidogo kidogo, na nataka kujifunza kuchomelea mwenyewe madirisha na geti dogo la nyumba yangu. Kuna karakana inafungwa, wananiuzia mashine ya zamani ya transfoma, ile nzito yenye mkono wa kuzungusha. Wanakiri kwamba moto wake umekuwa mdogo, ndiyo maana bei imeshuka. Imejaa vumbi na kutu. Umeme wangu ni wa fezi moja. Nichukue hiyo au nitafute inveta ndogo, zile mashine nyepesi za elektroniki? Na nikiichukua, naisafishaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ningekuwa wewe ningewahi kuiona kesho asubuhi, ila pesa ningeziacha nyumbani mpaka nimefungua kifuniko na kuiona ndani.

Transfoma ya zamani haina mambo mengi. Kuna bati nyembamba zilizobanwa pamoja, na juu yake koili mbili za waya uliozungushwa: moja inapokea umeme wa TANESCO, nyingine inatoa volti chache zenye ampea nyingi. Ule mkono unasogeza kipande cha chuma kati ya koili. Kikiingia ndani ampea zinapungua, kikitoka zinaongezeka. Hakuna kadi ya elektroniki ya kuungua. Plagi, swichi, waya, holda ya kushikia rodi na kibanio cha ethi kinachobana chuma unachochomelea, vyote vipo dukani. Koili ndiyo isiyopatikana hivihivi, na kuisuka upya kunaweza kumaliza pesa yote uliyodhani umeokoa. Kwa hiyo kutu ya nje isikutishe, na rangi mpya isikudanganye. Tazama koili.

Hilo neno "moto mdogo" limenivutia sana. Karakana nyingi zina fezi tatu, na mashine nyingi za zamani zina sehemu mbili za kuingizia umeme, 220 na 380, pamoja na kipande cha shaba au waya wa kuhamisha kutoka moja kwenda nyingine. Mashine iliyofungwa kwa 380 ukiichomeka kwenye 230 hutoa kama asilimia 60 tu ya volti zake. Iliyopaswa kutoa volti 60 inatoa 36, na kwa volti hizo rodi inanata na kuganda kwenye chuma kila ukigusa. Nilishaletewa mashine ya namna hiyo, mwenyewe amekwishakata tamaa, anaamini koili imeungua. Nilihamisha kile kipande cha shaba, nikakaza nati, akaondoka nayo siku ileile. Basi kabla ya kitu kingine, angalia kimefungwa wapi. Kinyume chake ni hatari: mashine iliyofungwa kwa 220 ukiipa fezi mbili za 400, koili inaungua.

Ukishafungua kifuniko, nusa. Vanishi, ule utando unaofunika waya wa koili, ikiungua ina harufu kali isiyotoka upesi. Koili nzima ina rangi ya asali au kahawia. Ikiwa nyeusi sehemu moja na karatasi zake zinamomonyoka kwenye kidole, iache. Kwangua kidogo ncha ya waya kwa kisu uone kama ni shaba au alumini. Alumini si kosa, mradi bei iwe ya alumini.

Kisha chukua mita, mashine ikiwa haijachomekwa. Washa swichi yake, weka mita kwenye ohm, gusa pini ya fezi ya plagi na bodi ya chuma ya mashine: isisome kitu. Rudia kwa pini ya nyutro. Pini ya ethi pekee ndiyo inapaswa kusoma na bodi. Halafu gusa pini ya fezi na holda. Hapa usikubali ubishi wa muuzaji hata kidogo: zikisomana, umeme wa ukutani unafika mkononi mwako kupitia rodi, na huo unaua. Mashine zilizosukwa kienyeji ndizo ninazozichunguza zaidi kwa hili, kwa sababu nyingine zilisukwa bila kutenganisha koili vizuri. Ukimpata fundi umeme mwenye mega ya volti 500, kile kipimo cha uvujaji wa umeme, ni bora zaidi, maana mita ya kawaida haioni uvujaji mdogo. Ikisoma chini ya megaohm 1, mashine isiwashwe mpaka ikauke na kupimwa tena.

Ikipita hapo, iwashe. Pima volti kati ya holda na kibanio cha ethi kabla ya kuchomelea. Kati ya 50 na 80 ni sawa. Nenda na rodi zako mwenyewe za E6013 za milimita 2.5, weka ampea 75 hivi, uchome tatu mfululizo. Kuunguruma ni kawaida yake. Harufu ya kuungua si kawaida.

Sasa umeme wa nyumbani, na hapa wengi wanajidanganya. Piga hesabu: mashine inayotoa volti 60 kutoka 230, ukichomelea kwa ampea 75, inavuta karibu ampea 20 ukutani. Kwa rodi ya 3.2 na ampea 110 inafika karibu 29. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Itavumilia rodi moja mbili, halafu plagi itayeyuka. Fundi umeme akufungie laini yake peke yake kutoka kwenye mein swichi, waya wa milimita za mraba 6, breka ya ampea 32, na ethi iliyopimwa. Asiunge moja kwa moja kwenye mita, hata akikuambia wote wanafanya hivyo. Kama laini hiyo huiwezi kwa sasa, basi chukua inveta, kwa sababu kazi ileile inaifanya kwa umeme mdogo zaidi. Tatizo la inveta ya mtumba ni vumbi la grainda: ni chuma, linapitisha umeme, linakaa juu ya kadi na kuiua. Ukiifungua kuisafisha, chomoa kwanza na usubiri, kwa sababu kapasita zake, vile vikopo vinavyohifadhi umeme, hubaki na zaidi ya volti 300. Zipime kwa mita kabla ya kuingiza mkono.

Kusafisha transfoma ni kazi ya Jumamosi moja. Chomoa, toa kifuniko, puliza kwa kompresa kwa upepo wa wastani, na brashi laini ya rangi kwenye kona. Usitumie maji wala petroli. Petroli inalainisha vanishi na mvuke wake unawaka. Kwa hewa ya bahari ya Tanga, tarajia kutu ya kijani kwenye miunganiko ya shaba. Fungua kila bolti ya koili na nyaya, piga msasa mpaka shaba ing'ae, kaza sawasawa. Muunganiko uliolegea unazaa joto, na joto hilo linapanda kwenye koili. Skurubu ya mkono ifute, uipake grisi kidogo. Kama bati zinapiga kelele sana, kaza bolti zinazozipitia, lakini ukizitoa usipoteze vile vimirija vya karatasi au plastiki vilivyozivaa. Bila hivyo bolti inagusanisha bati na chuma kinapata moto bure. Bodi ikwanguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi mwisho kabisa, koili zikiwa zimefunikwa, ili chembe za kutu zisiingie ndani.

Waya wa holda na wa ethi usihurumie. Raba ikiwa imepasuka, nunua mpya za milimita za mraba 25. Kibanio cha ethi kibane chuma kilichokwanguliwa, kisibane rangi. Vaa glovu kavu, maana volti 60 kwenye mkono wa jasho si mchezo, na kioo cha uso kiwe cha giza namba 10. Macho yaliyopigwa na mwanga huuma usiku, kazi ikiwa imeisha zamani.

Jambo moja ungeweza kulisahau. Mabomba ya mraba ya madirisha mara nyingi ni membamba, milimita 1.2 au 1.5, na yanataka rodi ya 2.0 kwa ampea 45 hadi 55. Mashine kubwa za karakana nyingine hazishuki chini ya 70, na kwa ampea hizo utatoboa kila kona ya dirisha. Soma namba ya chini kwenye bamba lake. Kama halisomeki, zungusha mkono mpaka mwisho wa chini na ujaribu kwenye kipande cha bomba la dirisha ulichokwenda nacho. Ikitoboa, hiyo ni mashine ya geti, na madirisha yatahitaji inveta.