Re: Nadharia hukubalika kwa hoja au kwa umaarufu?

Mkuu, umeuliza kama nadharia za sayansi hukubalika kwa hoja au kwa majina makubwa ya wanaozitoa. Ni hoja, ila hazilingani uzito. Mwaka 1912 Wegener, mwanasayansi Mjerumani, alidai mabara yanahama. Visukuku vya Mesosaurus, mtambaazi mdogo wa kale, vinapatikana Amerika Kusini na kusini mwa Afrika tu, ishara kwamba mabara hayo yaliwahi kuungana. Ushahidi mzuri, lakini nguvu alizotaja kuwa ndizo zinazosukuma mabara zilikuwa dhaifu mno. Jeffreys, mwanajiofizikia Mwingereza, alilionyesha hilo kwa hesabu. Kwa hiyo kumpinga hakukuwa ukaidi mtupu.

Mwaka 1963 wanajiolojia Vine na Matthews wakaja na hoja ya aina nyingine: kama sakafu mpya ya bahari huzaliwa kwenye safu ya milima ya katikati ya bahari na kusogea pande mbili, michirizi ya sumaku (alama ambazo sumaku ya dunia, inayogeuka mara kwa mara, huacha kwenye miamba hiyo mipya) pande zote mbili lazima ifanane. Hapo unaweza kuumbuka, maana vipimo vinaweza kukukanusha. Vipimo vya 1966 vikaonyesha inafanana, na wapinzani wengi wakabadili msimamo ndani ya miaka michache.